Gobori Lisilo na Klabu: Kwa Nini Baruti Nyeusi Haikutuachia Mchezo

Bunduki ikilia Jumapili asubuhi mtaani Mowlem, katika Eastlands ya Nairobi, hakuna anayetoa kiti nje ili atazame. Mama anaita watoto, mwenye kibanda anashusha turubai, na waliokuwa wakingoja matatu wanajibanza ukutani kabla ya kuuliza kuna nini. Hali ni hiyo hiyo Umoja, Kariobangi Kusini na Dandora. Watu wanausoma mlio huo kwa njia mbili tu: ama ni majambazi, ama ni polisi. Kwamba huenda ni watu waliokutana kushindana na kutaniana, hilo halimjii mtu akilini.

Zipo nchi ambako mlio huo, tena mzito kuliko wa bastola ya kisasa, ni mwaliko. Mara moja kwa mwezi wanachama wa klabu za baruti nyeusi hukutana kwa mechi ya kirafiki, kila mmoja na bunduki yake ya kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, aina ile ambayo wazee wetu wa pwani na bara waliiita gobori. Hawashindanii fedha. Wanashindania alama kwenye karatasi, na haki ya kuwacheka wenzao hadi mwezi ujao.

Afrika Mashariki iliwahi kupokea bunduki kama hizo kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Mbona basi hazikutuachia mchezo? Ukifuatilia swali hili utajikuta umepita Zanzibar, Brussels, Mahenge na Kamiti kabla ya kurudi Eastlands.

Risasi 13, nusu saa

Mchezo wenyewe una kanuni za kimataifa. Shirikisho linaloushughulikia, linalojulikana kwa kifupi cha MLAIC, lilianza mwaka 1971. Katika mashindano yake, mshiriki hupewa nusu saa na risasi 13. Zile 10 zilizopiga vizuri zaidi ndizo zinazohesabiwa, kwa hiyo alama za juu kabisa ni 100. Bastola hulengwa kutoka mita 25, bunduki ndefu kutoka mita 50 au 100 kulingana na aina yake. Kuna shindano la bunduki za kuwashwa kwa utambi, kuna la gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, na kuna la zile zinazotumia fataki.

Nusu saa kwa risasi 13 ni muda mrefu mpaka umwone mtu akiwa kazini. Kwanza anamimina ndani ya mtutu baruti aliyoipima mapema na kuitia katika kichupa kidogo. Kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chombo kikubwa ni mwiko, kwa sababu cheche moja iliyosalia ndani ingeweza kuwasha akiba yote mkononi mwake. Kisha anaweka kiraka cha kitambaa kilichopakwa mafuta, na juu yake goroli. Anachukua mdeki na kushindilia hadi chini, asiache nafasi kati ya goroli na baruti. Anaweka fataki, analenga, anafyatua. Moshi mweupe unamfunika yeye na jirani yake, na hajui alipopiga mpaka upepo upite.

Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa. Ikiungua huacha masizi mengi yanayovuta unyevu, na ndiyo maana jioni ya mechi utawaona wanachama wamekaa na maji ya moto na sabuni, wakisugua mitutu kama sufuria ya ugali iliyoshika. Asiyeosha siku hiyo ataikuta kutu siku ya pili.

Askari wa Uingereza wa zama za Napoleon alitarajiwa kupiga risasi tatu kwa dakika moja. Mwanachama wa klabu hutumia zaidi ya dakika mbili kwa risasi moja. Haraka, ambayo ndiyo iliyokuwa uhai wa askari, imetolewa kabisa, na nafasi yake imechukuliwa na mazungumzo: kuazimana viraka, kumwelekeza mgeni, kubishana kuhusu kipimo cha baruti. Bunduki ikikataa kuwaka, mtutu unabaki umeelekea kwenye shabaha na wote wanasubiri, maana huenda moto bado unatambaa ndani. Msimamizi wa kiwanja akisema simama, hata bingwa anasimama.

Chama kikubwa cha Marekani cha mchezo huu kiliundwa mwaka 1933, na kiwanja chake kiko katika kijiji kinachoitwa Friendship, jimbo la Indiana. Cha Uingereza kilizaliwa mwaka 1952. Mkono wa sheria unatofautiana. Uingereza huwezi kununua wala kuweka baruti nyeusi bila cheti kutoka kwa polisi. Marekani, sheria kuu ya bunduki ya mwaka 1968 iliziweka kando bunduki za kale zilizoundwa kabla ya mwaka 1899 pamoja na nakala zake za kushindilia, ikazihesabu kuwa vitu vya kale.

Zanzibar, soko la bunduki zilizopitwa na wakati

Bunduki hizo za kale zilifikaje kwetu? Zilifukuzwa Ulaya na bunduki mpya. Mwaka 1866 jeshi la Uingereza lilianza kutumia Snider, inayojazwa kwa nyuma. Mwaka 1871 ikaja Martini-Henry. Mwaka 1886 Wafaransa wakatoa Lebel, iliyotumia baruti isiyo na moshi. Kila jeshi lilipobadili silaha, za zamani zilirundikana maghalani zikitafuta mnunuzi, na wafanyabiashara walijua pa kuzipeleka. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani ya mashariki.

Zilibebwa na misafara kupitia Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji na Maniema, na pembe za ndovu zikarudi kwa njia hiyo hiyo. Gobori likageuka mtaji. Mwenye magobori mengi alikuwa na wapagazi, walinzi na sauti barazani. Mirambo wa Unyamwezi alijenga dola yake kwa vijana wa rugaruga waliobeba bunduki hizo, na mwaka 1871 aliwapiga Waarabu wa Tabora huku mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akiwa upande wa walioshindwa.

Miezi michache baadaye, Stanley huyo huyo alipokaribia Ujiji kumtafuta mmisionari David Livingstone, aliamuru watu wake wafyatue bunduki hewani ili mji ujue kwamba msafara umefika. Hiyo ilikuwa ada ya njia, na ina jambo la kutufundisha. Watu wa pwani na bara walichoma baruti bila uchungu pale penye heshima: msafara ukiingia, harusi ikifungwa, mwezi wa Idi ukiandama. Waomani, wakiwemo waliokulia Zanzibar na wanaozungumza Kiswahili Maskati hadi leo, wanaijua razha, ngoma ya mashairi na panga ambayo mlio wa baruti huikoleza. Kilichokosekana ni ubao wa shabaha. Baruti ilitoka ng'ambo, ikanunuliwa kwa pembe au kwa fedha. Kuichoma mbele ya wageni kulileta jina. Kuichoma mara 13 mbele ya ubao, ili mtu ajue kama ameboresha mkono wake kuliko mwezi uliopita, kungekuwa hasara tupu.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni ya uchumi. Mchezo huota pale ambapo kifaa kimeacha kuwa riziki, na gobori kwetu halikuacha.

Mkataba uliotuachia polepole

Sababu ya pili iliandikwa Brussels. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa ya wakati huo, na Zanzibar ikiwemo, yalitia saini mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki za kisasa zenye mtutu wa mifuo zilizuiwa kuuzwa kwa wenyeji. Zilizoachiwa, kwa masharti, zilikuwa gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Nia ya kuwadhibiti wauza watumwa ilikuwepo, lakini matokeo yalikwenda mbali zaidi. Mtu mweusi aliachiwa bunduki ya polepole katika muongo ule ule ambao wakoloni walikuwa wakiingia na bombomu. Hesabu ya tofauti hiyo ilifanywa uwanjani. Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliwapinga Waingereza pwani ya Kenya mwaka 1895 na 1896, akaishia kuvuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji, waliowapinga Wajerumani, walilishambulia boma la Mahenge kwa mikuki na magobori, wakakutana na bunduki za rashasha.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Kwa Mzungu wa mwaka 1933, gobori lilikuwa kitu cha babu alichoweza kukipenda bila wasiwasi, kwa kuwa kabatini alikuwa na bunduki bora. Kwa Mwafrika wa mwaka huo, gobori ndilo lililobaki mkononi baada ya mengine kuchukuliwa. Si rahisi kulifanyia mzaha jambo ulilolazimishwa kulitegemea.

Bastola moja, kamba moja

Kenya iliongeza sababu ya tatu, na hii ndiyo inayogusa Eastlands moja kwa moja. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau, wakikosa silaha, waliunda zao kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Nairobi ilikuwa mshipa wa kuwalisha: chakula, dawa, habari na risasi zilipita katika mitaa ya Waafrika mashariki mwa jiji. Serikali ilijibu kwa Operesheni Anvil, iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954, ikazingira mitaa na kuwabeba watu kwa maelfu hadi kambi za vizuizi.

Mwaka huo huo wa 1954 ndipo Sheria ya Silaha, tunayoijua leo kama Sura ya 114, ilipoanza kutumika. Imefanyiwa marekebisho mengi tangu hapo, lakini mifupa yake ni ya wakati ule. Na kosa lililompeleka kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, kwenye kamba katika gereza la Kamiti, tarehe 18 Februari 1957, lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Watu waliolelewa na habari hiyo hawangeweza kufikiria bunduki kama kifaa cha kupumzikia mwisho wa wiki.

Uhuru haukuibadili picha. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji, na sababu moja halali ya raia wa kawaida kumiliki bunduki ikatoweka. Mikataba ikafuata: Azimio la Nairobi mwaka 2000, na Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, ambazo zimezaa kituo cha kanda cha kudhibiti silaha ndogo chenye makao hapa hapa jijini. Mwaka 2016 bunduki haramu 5,250 zilichomwa moto kule Ngong. Haya yote yana haki yake. Nchi iliyopakana na Somalia na Sudan Kusini haiwezi kufumba macho.

Lakini kila hatua imeipa bunduki tafsiri moja tu, ya hatari, na tafsiri hiyo imeshuka hadi kwenye sanamu yake. Eastlands kuna kitu kinachoitwa bonoko, bunduki ya bandia. Sheria inaitaja silaha bandia pamoja na ya kweli inapotumiwa kutenda uhalifu, na vijana wa mitaa hii wanajua kwamba kipande cha plastiki kikionekana kando ya maiti kinaweza kuwa maelezo yote yatakayotolewa. Mahali ambapo bunduki ya bandia inaweza kumaliza mjadala juu ya uhai wa mtu, nani atamwambia mwanawe aende akacheze na nakala ya gumegume?

Kirigiti si mbali, lakini ni mbali

Haya hayana maana kwamba Kenya haina mechi za shabaha. Kirigiti, kaunti ya Kiambu, kuna kiwanja ambapo wamiliki wa bunduki wenye leseni hufanya mazoezi na mashindano kupitia chama chao cha kitaifa. Mtindo unaotawala ni ule wa IDPA, ulioanzishwa Marekani mwaka 1996: bastola ya kisasa, kujikinga, kupiga shabaha kadhaa huku saa ikihesabu sekunde. Ni kinyume kabisa cha mchezo wa baruti nyeusi. Pale mtu hufunzwa kuwa tayari kwa jambo baya. Kwenye baruti nyeusi hufunzwa kuwa mtulivu.

Na Kenya ina sababu ya kuchagua ule wa kwanza. Shambulizi la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lilipotokea Septemba 2013, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuingia kuokoa walionaswa. Tangu siku hiyo, hoja ya wamiliki wa bunduki mbele ya umma imekuwa ulinzi. Serikali nayo ilikaza: Desemba 2018 iliamuru wenye leseni wote wakaguliwe upya.

Kutoka Mowlem hadi Kirigiti ni mwendo wa matatu mbili. Kinachoirefusha njia ni leseni, uchunguzi, bei ya silaha, bei ya risasi na sefu ya kuiwekea. Mpangaji wa chumba kimoja katika jengo la ghorofa sita hana ukuta wa kujengea sefu hiyo, hata akipata vyote vingine.

Ng'ambo ya mpaka, gobori bado liko kazini

Tanzania ni kesi nyingine. Huko gobori halijawa historia. Katika vijiji vinavyopakana na mapori, bado hutumika kufukuza nguruwe na nyani mashambani, na pia kuwinda bila kibali. Mengi yametengenezwa na wahunzi wa kijijini. Polisi na askari wa wanyamapori huyakamata kila mara, serikali hutangaza misamaha ya kusalimisha silaha kwa hiari, na magobori yakipangwa mbele ya waandishi wa habari utaona vitako vilivyochongwa kwa panga na mitutu iliyofungwa kwa waya.

Wahunzi hao ni mafundi, lakini ufundi wao hauna mlango halali wa kutokea. Kule Indiana, anayejua kuchonga kitako na kunyoosha mtutu hupewa meza ya kuonyesha kazi yake. Huku hupewa pingu. Na kwa mkulima anayelala shambani kulinda mahindi, gobori si pambo. Tunarudi kwenye sababu ya kwanza: bado ni riziki.

Mfano uko Afrika hii hii

Ni rahisi kuhitimisha kwamba mchezo wa baruti ni wa Wazungu matajiri na tukaishia hapo. Moroko inakataa. Huko wana tbourida: wapanda farasi kati ya 15 na 25, katika mavazi ya kale, wanakimbia mstari mmoja na kiongozi wao katikati, kisha wote wanafyatua bunduki zilizojaa baruti nyeusi kwa wakati mmoja. Hakuna risasi ndani wala ubao wa shabaha. Kinachopimwa ni umoja. Milio ikisikika kama mlio mmoja, kikosi kimeshinda. Ikitawanyika, watazamaji wanajua kabla ya waamuzi. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka tbourida katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Moroko ilitawaliwa, ilipokonywa silaha, ina polisi na sheria kali. Hata hivyo baruti yake ilibaki mikononi mwa jamii kwa sababu ilishikamana na sherehe kabla haijashikamana na hofu, na kwa sababu dola ilikubali kuisimamia badala ya kuizima. Nasi tulikuwa na mbegu hiyo katika milio ya misafara na harusi za pwani. Hatukuimwagilia maji.

Je, tuianze leo? Kwa gobori lenyewe, sidhani. Eneobunge la Embakasi Magharibi, lenye wadi za Mowlem, Umoja I, Umoja II na Kariobangi Kusini, lina haja nyingi kabla ya kiwanja cha baruti, na hakuna mzazi atakayelala vizuri akijua kuna kipipa cha unga huo ghorofa ya chini. Mahali pake ni makumbusho: maonyesho ya siku moja Fort Jesus, Mombasa, wataalamu wakishindilia na kufyatua baruti isiyo na risasi, ili mwanafunzi aone kwa macho yake kwa nini Mahenge iliisha kama ilivyoisha.

Kinachoweza kuhamishwa hadi Mowlem ni ule utaratibu wa klabu: tarehe moja isiyobadilika kila mwezi, mstari mmoja ambao hakuna anayeuvuka, msimamizi ambaye neno lake ni la mwisho, mzee na kijana wakipimwa kwa karatasi ile ile. Shabaha yenyewe haihitaji baruti. Shehzana Anwar alibeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa mlenga upinde. Watoto wa Eastlands wanaoangusha kopo kwa feya, yaani manati, kutoka ng'ambo ya barabara tayari wana jicho na mkono. Vishale vinavyorushwa baani kutoka mita 2.37 vinadai pumzi ile ile ya kutulia kabla ya kuachia.

Kwa hiyo wakazi wa Mowlem wakitaka klabu ya shabaha, sheria ya kuanza kuisoma si Sura ya 114. Ni Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, inayoeleza namna chama cha michezo kinavyosajiliwa. Wakishamaliza fomu, wapeleke swali la pili kwa kaunti: katika wadi iliyojaa ghorofa hadi kwenye ukingo wa barabara, mita 70 za kulenga upinde zitapatikana wapi?